Nilitumwa Balagha, Nikarudi na Mantiki

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mnaonadi vitu kwa vipaza sauti mpaka watoto wachanga wanaamka vyumbani, nipeni nafasi kidogo. Mimi ni mnadi mstaafu. Nimeuza vitanda, mitungi, baiskeli, cherehani, na siku moja niliuza mlango ambao nyumba yake ilikuwa imeshaanguka. Nimeuza kwa koo tupu na kengele ya mkononi, hapa hapa Kariakoo, tangu zama za Mwingereza, na koo langu lingali zima. Siri ya kwanza nawapa bure: usinywe maji ya baridi kabla ya mnada, kunywa tangawizi. Ya pili: ukiona watu hawakusikilizi, usipaze sauti, ishushe. Mtu akidhani anafichwa jambo, husogea mwenyewe.

Juzi nilipita kando ya soko nikamkuta kijana ananadi masufuria. "Sufuria hili haliunguzi! Haliunguzi milele!" Nikamwuliza kwa upole, "Mwanangu, hata likiachwa motoni likasahauliwa?" Akaniambia, "Shikamoo mzee, unanunua au unapita?" Nikaitikia marahaba, nikapita. Lakini njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu, maana nilikuwa nimemkumbuka Mzee Mwinchande, aliyenifunza kazi.

Mzee Mwinchande alikuwa mnadi mkuu wa kiwanja kilichokuwa kando ya soko. Mtu mfupi, mnene, na sauti yake ilifika Gerezani kwenye karakana za reli. Ufundi wake wa kunadi ulikuwa mmoja tu: kila kitanda kilichopita mikononi mwake kililaliwa na afisa wa Kijerumani. Kiwe cha kamba, kiwe cha chuma, kiwe kimeliwa na mchwa, Mjerumani alilala juu yake. Nikivifikiria vitanda vyote nilivyomsaidia kuviuza, naelewa kwa nini Wajerumani walishindwa vita. Walikuwa wamelala.

Sasa ikafika mahali wateja wakakizoea kisa cha Mjerumani. Mzee akianza tu, watu wanammalizia. Akaona mkate wake unaingia mchanga. Ndipo siku moja, katika maulidi, akamsikia Maalim Awadh akihutubia. Wanaume wazima walilia, na waliokuja na nia ya kula pilau tu waliondoka wameutoa mchango ambao hawakuupanga. Mzee akauliza ufundi ule unaitwaje. Akaambiwa unaitwa balagha, ni elimu ya kusema maneno yakaingia moyoni, nayo inasomwa.

Kesho yake akaniita. Nilikuwa kijana wa umri wa kuoa, sina mke wala kengele.

"Shabani," akaniambia, "nenda kwa Maalim Awadh kanichotee hiyo balagha. Usichelewe. Siku utakayorudi nayo, kengele hii ni yako, mimi nakaa kitini nahesabu umri."

Kengele ilikuwa kila kitu. Mwenye kengele ndiye mnadi, asiye nayo ni mbeba vitanda. Nikaenda nikikimbia.

Maalim Awadh asili yake Hadhramauti, lakini alizaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko tende alizouza. Alikuwa na duka la tende na kahawa Mtaa wa Sikukuu. Baada ya sala ya alasiri alikuwa akisukuma magunia upande mmoja, anatandika mikeka, anafundisha. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuchukua balagha.

"Umekuja na kikapu?" akaniuliza.

Kisha akanieleza kwamba kuna ngazi. Kwanza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ili ujue maneno yanasema nini. Halafu mantiki, ili ujue kama yanayosemwa ni ya kweli. Mwisho ndiyo balagha. "Ukianza na ya mwisho," akasema, "utakuwa hodari wa kuwaaminisha watu jambo ambalo wewe mwenyewe hulielewi." Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yetu hasa. Alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakunipunguzia hata ngazi moja.

Basi tukaanza na mikia. Kwa Kiarabu, mkia wa neno ndio unaokwambia nani kafanya na nani kafanyiwa. Maalim alikuwa na mfano wake wa kila siku: paka kamla samaki. Ukikosea mikia, samaki ndiye kamla paka, na wewe umenyoosha mgongo unadhani umesoma. Siku ya kwanza niliposoma kwa sauti, samaki wangu alimla paka, akammaliza na mvuvi. Mwenzangu mmoja, Mbaraka, akainua mkono. "Maalim, huyo atakuwa samaki wa Magogoni. Wa kule nawajua."

Mnaweza kucheka, lakini mikia ile ilinifaa kazini maisha yangu yote. Mtu akiniletea baiskeli ninadi, akaniambia "hii aliachiwa kaka," namsimamisha hapo hapo. Nani kamwachia nani? Kaka yuko wapi? Ugomvi mwingi wa minadani huanzia kwenye sentensi ambayo hakuna aliyeitazama vizuri.

Huyo Mbaraka alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, Mnyamwezi, na mimi Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani. Mnajua utani ulivyo. Alikuwa anaweza kuniambia nina kichwa kama boga la msimu uliopita, nami namwambia kwao wanakula panya, na hakuna anayekasirika. Kukasirika ndiyo fedheha. Maalim alikuwa akitutazama tukitukanana huku tunagawana kashata, na jambo hilo likamtatulia shida yake kubwa.

Shida yake ilikuwa hii. Alitaka tufikiri kwa vichwa vyetu, tumwambie akikosea. Lakini nani angethubutu? Mwanafunzi kumwambia maalim wake "umekosea" mbele ya watu, hapa mjini petu, ni sawa na kuvua nguo sokoni. Alikuwa akisema mambo ya kipuuzi makusudi, sote tunaitikia "naam, Maalim." Siku moja alisema kwamba kwa kuwa tende ni tamu na sukari ni tamu, basi tende ni sukari. Tukaandika.

Ndipo akatangaza kwamba kila Alhamisi, siku ya mwisho ya juma letu la masomo, yeye si Maalim bali ni babu yetu, na babu na mjukuu ni watani. Alhamisi anasema jambo bovu, nasi kazi yetu ni kulivunja, na ruhusa ya kumtania ipo. Alhamisi ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Ya pili Mbaraka akamwambia, "Babu, umechoka, kalale," sote tukainama kungoja dari lituangukie. Halikuanguka. Babu alicheka, akamwuliza, "Nimechoka wapi? Nionyeshe pahala." Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa sikukuu. Watu wa dukani walikuwa wanachelewa kununua kahawa makusudi ili waje wasikie.

Mantiki yenyewe aliifundisha kwa kigoda. Hoja ina miguu, alituambia: kauli ya kwanza, kauli ya pili, kisha juu yake ndipo unapokalia natija, yaani matokeo. Kabla hujakaa, tikisa kila mguu. Na swali la kutikisia ni moja, "dalili iko wapi?"

Tatizo la mantiki ni kwamba ukiipata mpya inawasha kama upele. Huwezi kuacha kujikuna. Mama aliniambia wali umeiva, nikamwuliza dalili iko wapi. Akanipa dalili ya mwiko begani, na wali wenyewe sikuuona mpaka kesho yake. Mbaraka ndiye aliyezidi. Msimamizi wake karakanani alisema injini fulani ina mkosi; Mbaraka akasimama mbele ya mafundi wote, akamtaka athibitishe kwanza kwamba mkosi upo, kisha kwamba chuma kinaweza kuupata. Akarudishwa nyumbani akatafakari.

Mimi zamu yangu ikaja Jumamosi moja, kiwanja kimefurika. Mzee Mwinchande alikuwa na mafua, akanikabidhi kengele kwa siku hiyo. Nilipoishika niliona dunia yote ni yangu. Palikuwa na kitanda cha chuma, kizuri kwa mbali. Nikapiga kengele, nikaanza barabara kabisa: "Kitanda hiki kililaliwa na afisa wa Kijerumani!" Kisha ulimi, wallahi, ukaenda wenyewe.

"Lakini tujiulize," nikasema. "Hata tukikubali kwamba alikilalia, je, kila kitanda anacholalia afisa ni imara? Hapana. Afisa naye huanguka."

Mama mmoja aliyekuwa ameshakipenda kitanda akasogea. "Kwani wewe ulimwona huyo Mjerumani?"

"Sikumwona, mama."

"Na mwenye kitanda anasemaje?"

"Anasema alikinunua kwa jirani yake Ilala."

Nyuma yangu Mzee Mwinchande alikuwa anakohoa kikohozi ambacho si cha mafua. Kitanda kilirudi ghalani. Yule mama alinishukuru sana, akasema hajawahi kuona mnadi kama mimi, na Mzee naye akasema hivyo hivyo.

"Nilikutuma balagha," akaniambia, "umenirudia na ugonjwa."

Nikamsihi anivumilie, balagha imebaki ngazi moja tu. Alivaa kanzu, akaenda kutafuta wazee wawili wa msikitini ambao masikio yao yalikuwa yameshajaa malalamiko ya mitaa. Na ushahidi mzito kuliko wote, wajukuu zangu, waliupata kwa mama yangu mzazi.

Wakaja dukani alasiri, darasa limejaa. Walipokelewa kwa heshima zote, wakapewa kahawa na viti. Maalim akakaa chini mkekani kuwaonyesha unyenyekevu. Mzee Mwinchande ndiye aliyesema, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema taratibu.

"Maalim, sisi hatukuja kwa ubaya. Elimu yako hii inazaa wabishi. Huyu wangu kanibishia mnadani, huyu wa reli kambishia mkubwa wake, na majumbani kina mama hawapumui. Na mbishi, Maalim, hana adabu. Sasa elimu inayoondoa adabu ina faida gani? Tunakuomba darasa ulifunge."

Darasa likifungwa, balagha imekwenda, na kengele imekwenda nayo. Nitabeba vitanda vya Wajerumani mpaka nizeeke. Nikamtazama Maalim, nikimwomba kwa macho awajibu.

Maalim alichezea kokwa ya tende. Kisha akasema, "Wazee wangu, mmesema kweli. Nimewakosea watu wa mitaa hii. Tangu leo nitabaki na tende na kahawa yangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi. Nusura nicheke kwa sauti. Kumbe babu yuko kazini! Kachukua hoja ya wazee, kaigeuza zoezi, na anatungoja tuivunje. Nikamtazama Mbaraka, naye akanikonyeza. Nikasimama.

"Wewe babu wee!" nikasema. "Umezeeka! Tende zimekupanda kichwani!"

Mzee mmoja wa msikitini alimwaga kahawa kwenye kanzu yake. Mimi nikaona mchezo umenoga, nikaendelea.

"Unatufundisha tukitikise kila kigoda kabla ya kukaa, leo umeletewa kigoda kibovu umejitupa juu yake kama gunia! Haya, tukitikise. Mguu wa kwanza: elimu hii inazaa wabishi. Dalili iko wapi? Mbaraka huyu alikuwa mbishi kabla hajaota meno, mwulizeni mama yake. Mtu akipita mbele ya duka hili anakohoa, ni tende zako ndizo zilizompa kikohozi?"

"Kweli kabisa," Mbaraka akadakia, "nilizaliwa nimetanguliza miguu."

"Mguu wa pili: mbishi hana adabu. Hapa kitini amekaa Mzee wangu Mwinchande, ambaye tangu aanze kazi hajakubali bei ya kwanza ya mtu yeyote. Anabishana na wauzaji, anabishana na wanunuzi, na akibaki peke yake anabishana na kengele. Sasa tuchague. Ama Mzee wangu hana adabu, na hilo mimi siwezi kulitamka, ama mtu anaweza kuwa mbishi na adabu akawa nayo."

Waliokuja kununua kahawa wakaangua kicheko.

"Na dalili kubwa kuliko zote," nikasema, sasa sauti nimeishusha kama ninavyowafundisha ninyi, "ni wazee hawa hawa. Wamekuja dukani kwako babu, mbele ya wanafunzi wako, kukwambia umekosea. Wamekupinga waziwazi. Na wamekupinga kwa adabu ambayo sijaiona mfano wake. Basi kupingana kwa adabu kupo, na mtu huweza kujifunza. Wewe ulitaka kulifunga darasa linalofundisha jambo ambalo wageni wako wamelifanya vizuri hivi?"

Nikakaa. Kisha Mzee Mwinchande akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani, mwishowe sauti ile ikatoka yote mpaka vikombe vikagongana.

"Maalim," akasema akijifuta macho, "tumeshindwa. Mfundishe huyu balagha upesi, kama anaweza kuniuza mimi mwenyewe hivi, kitanda ni kitu gani!"

Wazee wakanyanyuka wakiwa radhi, mwenye kanzu iliyomwagikiwa akiwa radhi kuliko wote, wakaaga, wakaenda zao. Darasa likapona. Wenzangu walinipigapiga mgongoni mpaka ukaniuma.

Watu walipotawanyika nikabaki kumsaidia Maalim kukunja mikeka. Nilikuwa nimevimba kwa furaha.

"Maalim," nikamwambia, "mtihani wa leo ulikuwa mkali."

"Mtihani gani?"

"Ule wa kujifanya unalifunga darasa."

Akauacha mkeka. "Shabani, mimi sikuwa ninajifanya. Nilikuwa nimekubali. Nilishachoka na malalamiko, na wazee walinijia kwa heshima." Akafikiri. "Kwani leo ni Alhamisi?"

Wajukuu zangu, niliyoyasema yote yalinirudia moja moja: wewe babu wee, umezeeka, umejitupa kama gunia. Nilimwambia hayo mtu niliyempenda kama baba, siku ambayo moyo wake umevunjika. Nikapiga magoti nikaushika mkono wake niubusu, naye akaurudisha.

"Inuka. Nijibu jambo moja. Ungejua kwamba nasema kweli, ungesimama?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. "Hapana, Maalim," nikasema.

"Kesho Ijumaa, hakuna darasa. Jumamosi lipo, na Jumamosi hakuna utani. Tutaona."

Ijumaa ile sikula vizuri. Jumamosi nikakaa mbele kabisa, nimetega masikio kama mlinzi, nangoja neno bovu. Maalim akasema hili, la kweli. Akasema lile, nalo la kweli. Darasa likawa linakwisha, nikaanza kupumua. Ndipo akafunga kitabu akanitazama.

"Shabani," akasema mbele ya wote, "mantiki umeimaliza. Umeiva. Kesho unaanza balagha."

Hilo ndilo neno nililokuwa nimelingoja tangu siku nilipokuja bila kikapu. Kengele niliisikia inalia masikioni. Lakini nikalitikisa. Niliivunja hoja ya wazee nikidhani ni mchezo. Sikumwona mtu aliyekuwa anaumia mbele yangu, nilijiona mimi. Aliyeiva hafanyi hivyo. Nikasimama, hakuna utani wa kujificha nyuma yake.

"Maalim," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto, "naomba radhi. Umekosea. Sijaiva."

Maalim akaniuliza dalili, nikampa, ile ile niliyowaeleza sasa hivi. Akaitikia kwa kichwa polepole, akakifungua tena kitabu cha mantiki pale pale tulipokuwa tumekifungia, akaniashiria nikae. Nilikaa, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata mnadani, hata siku niliyouza ule mlango.

Mbaraka akaniinamia sikioni.

"Mzaramo wee, boga wewe," akaninong'oneza. "Safari hii alikuwa anasema kweli. Ulikuwa umeiva."

Nikamtazama Maalim haraka. Alikuwa ameinamia kitabu, mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au anakohoa.